Ndani ya Mashua, Juu ya Barabara

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusafiri na mashua kutoka Keko hadi Kunduchi, swali lao la kwanza ni kama bahari ilikuwa imechafuka. Huwajibu kwamba bahari sikuiona. Tulipita Kinondoni, barabarani, mashua ikiwa juu ya trela na trela nyuma ya pikapu, mimi na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, tumo ndani tumefunikwa turubai, na mimba yangu ya kwanza iko mwezi wa nane. Hapo hucheka. Nami sasa nacheka nao, lakini siku yenyewe nilikuwa na hasira tangu alfajiri, na hofu juu yake, na sikuwa na mahali pa kuzitua.

Niliolewa Mtoni, katika nyumba iliyotazama barabara ya Kilwa. Zilikuwa enzi za Mwingereza, pale mwishoni mwishoni, vijana wameshaanza kuzungumza siasa vibarazani, ila sisi wanawake wa ndani tulizisikia kwa mbali tu. Bavyaa wangu, yaani baba wa mume wangu, alikuwa na duka la mchele, mafuta ya taa na papa mkavu. Babu yake alitoka Uarabuni, bibi yake alikuwa wa Kunduchi, na yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonikera zaidi. Hakupiga mtu, hakutukana, na chakula hakikuwahi kukosekana. Angekuwa mkorofi ningejua pa kumshikia. Lakini mtu anayekuambia kwa upole kwamba mlango wa mbele si wako, utamfanya nini?

Mila ya nyumba ile ilikuwa kwamba mke wa mtoto hasemi na bavyaa wake. Akiuliza jambo, anayejibu ni mavyaa, na mimi natazama mkeka. Nikitaka kitu namwambia mavyaa, mavyaa anapeleka, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo, limeshapoa. Mavyaa alikuwa mwanamke mpana, mzito wa kunyanyuka, mchache wa maneno. Tangu nimeingia pale alikuwa hajaniambia neno lisilokuwa amri. Funika chungu. Anua nguo. Toka dirishani. Hilo la dirishani nililisikia kila siku, maana dirisha la ukumbini lilikuwa na ufa, na ufa ule ulinionyesha barabara, nami nilikuwa nikijisahau pale.

Kwetu Kunduchi, mwanamke mimba ya kwanza huzaa kwa mamake. Ndivyo tulivyozaliwa sote. Muda ulipokaribia nikamwambia mavyaa, mavyaa akapeleka, jibu likarudi kwamba hapana. Mke wa mwanawe mkubwa alikwenda kuzaa kwao, mtoto akafa, akazikwa kabla babu yake hajamwona uso. Bavyaa akaapa kwamba mjukuu mwingine atazaliwa chini ya paa lake. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini mimba ilikuwa yangu na woga ulikuwa wangu, na niliyemtaka anishike mkono alikuwa mama yangu. Nililia kwenye ua siku nzima, na hakuna aliyenikataza kulia, maana kulia kwenye ua kuliruhusiwa.

Kilichonifungulia njia kilikuwa nadhiri. Bavyaa aliwahi kuugua mpaka akakata tamaa, na akiwa kitandani aliweka nadhiri kwamba akipona ataunda mashua, na maji ya kwanza kuigusa mashua hiyo yatakuwa ya Kunduchi, alikozikwa baba yake. Akapona. Akaitoa kazi kwa fundi wa Keko aliyemwamini, mtu wa makabati na vitanda ambaye alijua pia kuunda vyombo. Ilipokamilika, mtu mwingine yeyote angeishusha kwenye maji ya Mtoni pale pale karibu, akaizungusha kwa bahari mpaka Kunduchi. Bavyaa hakutaka kusikia. Maji ya kwanza ni ya Kunduchi, basi mashua itakwenda kwa miguu. Akamtafuta mhunzi akamtengenezea trela kwa ekseli ya lori kuukuu, na pikapu ya duka ndiyo ikapewa kazi ya kuivuta.

Kule Kunduchi kungekuwa na dua na pilau la watu wengi, na wapishi wangekuwa watu wa kwetu. Bavyaa aliona ni aibu kufanya karamu kwa wakwe zake halafu binti yao asionekane. Kwa hiyo mavyaa akaniletea habari kwamba na mimi nitakwenda, ila nitarudi nao alasiri ile ile. Niliushukuru mkeka. Moyoni nilishaamua kwamba nikifika Kunduchi sirudi, hata kama talaka itanifuata kwa miguu. Kwenye furushi langu, chini ya kanga, nilificha winda za mtoto na kitambaa cha kumpokelea. Sikumwambia mtu, wala mume wangu.

Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva. Kabla hatujaoana aliendesha magari ya shamba la mkonge na alivuta trela nyingi. Siku chache kabla ya safari alinikuta uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi, akachuchumaa mbele yangu akanieleza wasiwasi wake. Akaniambia nisogee nikae mwisho kabisa wa kile kibao. Nikasogea, na upande wa meno ukanyanyuka, nikakaribia kuanguka na nazi yangu. Akasema trela ndivyo lilivyo. Uzito lazima ulalie mbele kidogo, ulikandamize gari. Ukiwa nyuma, mkono wa trela unalinyanyua gari matakoni, magurudumu ya nyuma hayashiki tena barabara, na trela linaanza kutikisa mkia. Ukizidi mwendo nalo linazidi kutikisa, na ukikanyaga breki kwa pupa linakuchukua wewe na gari lako kokote linakotaka.

Nikamuuliza kama amemwambia baba yake. Akasema amemwambia, na baba kajibu sawa. Tulitazamana. Sawa ya bavyaa ilikuwa na maana kwamba amesikia, basi.

Asubuhi ya safari tulipelekwa Keko mimi na mavyaa, tumejifunika buibui. Mashua ilikuwa imeshapandishwa kwenye trela, inanuka mafuta ya papa yaliyopakwa, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Pikapu mbele yake ilionekana kama mtoto aliyetumwa kumvuta ng'ombe. Ubani ulikuwa unafuka mbele kwenye omo, na msahafu umewekwa pale juu ya kitambaa cheupe. Kwa ukoo wa bavyaa chombo kipya hakitolewi kitupu, lazima kitoke na chakula. Na chakula ni mambo ya wanawake, na wanawake hukaa nyuma, kwenye tezi. Mwanamke hakanyagi omo ya chombo ambacho bado hakijaoga maji ya bahari. Kwa hiyo kila kitu kilirundikwa nyuma: magunia ya mchele, sukari, masufuria, kuni, sisi wenyewe, na juu ya yote pipa zima la maji. Bavyaa alisema maji ya visima vya Kunduchi yana chumvi, pilau lake litapikwa kwa maji ya kisima cha Mtoni.

Wanaume walitupa mgongo tukapanda ngazi. Kabla turubai halijafungwa niliona mume wangu anainamia mkono wa trela. Ulikuwa umenyanyuka wenyewe, na ilibidi mafundi wawili wauning'inie ndipo uingie kwenye pingu yake nyuma ya gari. Akafunga na mnyororo wa akiba, akauvuta mara mbili tatu. Kisha akasimama, akafungua mdomo. Baba yake alikuwa upande wa pili amenyoosha mikono anaomba dua. Mume wangu akaufumba mdomo wake, akaitikia amina.

Turubai lilifungwa mpaka ukingoni. Walisema ni kwa ajili ya sitara yetu, na kwa ajili ya macho ya watu wenye husuda. Ndani kulibaki mwanga mwembamba wa kijani, na joto, na harufu ya mafuta ya papa. Mavyaa alikaa juu ya magunia, tasbihi mkononi. Mimi nilikaa kwenye mbao nimeegemea pipa, na kila gari lilipojongea maji yaligonga ubavu wa pipa na mtoto akagonga ubavu wangu. Nilijua tumepita Kariakoo kwa kelele za watoto waliotufuata wakiuliza kama bahari imehamia mjini. Nilijua tumepita Kinondoni kwa harufu ya maandazi. Sikuona chochote. Nilitoka nyumba yenye ufa nikaingia chombo kisicho hata na ufa, na fundi yule alikuwa amekikalafati, ameziba kila upenyo, vizuri kweli kweli.

Mpaka hapo tulikwenda taratibu. Nyumba zilipokwisha, barabara ikawa ya changarawe, na gari likaanza kukimbia kidogo. Nilihisi nyuma panakwenda upande, panarudi, panakwenda tena. Mwanzoni ilikuwa kama kubembezwa. Kwenye mteremko wa Mlalakuwa haikuwa kubembezwa tena. Tezi ilitupwa kulia, ikatupwa kushoto, masufuria yakaruka, gunia likaniangukia miguuni. Nilikumbatia tumbo langu kwa mikono yote miwili, sikuwa na mkono wa kujishikia. Nilitaka kupiga kelele. Sijui kama mtu wa leo atanielewa nikisema kwamba hata pale, katikati ya kutupwa, nilikumbuka kuwa bavyaa yuko mbele na sauti yangu itamfikia, nikaliuma buibui langu kelele isitoke. Nilijichukia kwa hilo kuliko nilivyoogopa.

Mume wangu hakukanyaga breki kwa pupa. Alililegeza gari taratibu, likajinyoosha, likasimama chini ya mteremko. Nilisikia akiteremka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha nikasikia viatu vya bavyaa vikizunguka trela, na sauti yake karibu kabisa na sikio langu, nje ya mbao.

"Huko ndani salama?"

"Salama," akajibu mavyaa. Shungi lake lilikuwa limeanguka na midomo imekauka.

Mume wangu akazungumza, na alizungumza kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Alisema, "Baba, mzigo uko nyuma mno. Ukihamia mbele hata nusu yake, gari litatulia. Tena pipa lile ndilo baya zaidi."

Bavyaa alijibu kwa upole, kama alivyojibu mambo yote. Chombo cha baba yake hakikukanyagwa omo na mwanamke wala hakikurundikiwa magunia juu ya msahafu, na hiki hakitaanza. Labda safari yenyewe haina kheri. Tutajaribu mara moja zaidi, na likitikisika tena kama vile, ajue ni ishara, tunageuza tunarudi Keko, na Kunduchi tutakwenda mwezi mwingine. Kisha akapanda gari.

Mwezi mwingine mimi ningekuwa nimeshazaa. Nilikaa pale kwenye giza la kijani nikijua kwamba mbele yetu kuna mteremko wa Mbezi, mrefu kuliko ule. Nilijua kwa nini trela linatikisika, na mume wangu alijua, na ile sauti yake kubwa ya ghafla haikuwa ya baba yake peke yake. Alisema na ukuta ili niliye nyuma ya ukuta nisikie. Lakini mimi nilikuwa na tumbo la miezi minane na pipa la maji, na mavyaa aliyekalia magunia.

Gari likaondoka. Nikasema, "Mama, likitikisika tena tunarudi."

"Nimesikia."

"Tukisogeza hivi vitu mbele halitatikisika. Ni kama mbuzi ya kukunia. Ukikaa mwisho, mbele kunanyanyuka."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao."

Alinitazama. Nilidhani atasema funika chungu. Akasema, "Kamweleza mkewe. Mie niliyemzaa sijaelezwa." Lakini alisema akiwa ameshaweka tasbihi chini na anakunja mikono ya nguo yake.

Nikainuka nimsaidie gunia, akanizuia kwa kiganja kimoja kifuani, akanisukuma mbele. Alisema, "Wewe nenda kakae kule. Usiguse kitu." Kule alikoonyesha kulikuwa omo. Nilisita, nikamkumbusha msahafu. Akajikokota mpaka pale, akauchukua kwa mikono miwili, akaubusu, akanipakatisha. Nikakaa kwenye omo ya chombo kipya na kitabu kifuani, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Mwanamke yule niliyemwona siku zote akinyanyuka kwa kushikilia ukuta, alivuta magunia moja baada ya moja huku chombo kinayumba. Alipiga magoti, akaweka mgongo, akasukuma kwa miguu. Alihema mpaka nikaogopa atazimia. Akaleta sukari, akaleta masufuria, kuni akazirusha. Likabaki pipa. Alilikumbatia, likakataa. Alilisukuma kwa bega, likamcheka. Nje nilisikia gari linabadili gia, likiendea kilima, na baada ya kilima ule mteremko.

Mavyaa alikaa kitako akilitazama pipa. Halafu akainama kwenye sakafu ya tezi, akapapasa, akakipata kizibo cha tundu la chini, kile ambacho mabaharia hukiita nguruzi. Akakipigapiga kwa chuma cha jikoni mpaka kikalegea, akakichomoa. Mwanga mweupe wa barabara uliingia kwa lile tundu. Ulikuwa mwanga wa kwanza halisi niliouona tangu Keko.

Nilielewa anataka kufanya nini, na nikashtuka. Nikamwambia, "Mama, nadhiri." Maana maji ya kwanza kuigusa mashua yangekuwa ya kisima chetu.

"Nadhiri yake," akasema. "Mie sikuiweka."

Akachukua sufuria akaanza kuteka. Aliteka akamwaga, aliteka akamwaga, maji yakakimbilia tundu na kutoka chini, yanalowesha vumbi la barabara ya Bagamoyo. Pipa lilipopungua alililaza, yaliyobaki yakatoka kwa mara moja, akalowa mpaka kiunoni. Kisha akalivingirisha lile pipa tupu pembeni, akarudisha nguruzi, akaigongomea. Na hapo gari likaanza kuteremka Mbezi.

Tulishikana mikono. Sijui nani alianza. Nilisikiliza tezi, nikisubiri itupwe. Gari lilishuka kwa gia ndogo, likilalamika, na trela likalifuata nyuma lenyewe, limenyooka kabisa. Tulipofika chini mume wangu alipiga honi mara moja, bila sababu yoyote ya barabarani. Nilijua ananipigia mimi, nikaanza kulia, na safari hii nililia kwa raha.

Mavyaa alikuwa ameshaanza kuhangaika na sakafu iliyolowa. Turubai likifunuliwa, mbao zisionekane na unyevu. Alivua mtandio akafuta, ukalowa wote, akanyoosha mkono akavuta furushi langu kabla sijawahi kumzuia. Akatoa kanga. Chini ya kanga akaziona winda. Alizigusa, akakigusa na kile kitambaa, akavirudisha kama vilivyokuwa. Kisha akaendelea kufuta kwa kanga yangu, bao moja baada ya jingine, hanitazami. Nilijua yote yamekwisha, maana aliyebeba maneno baina yangu na bavyaa alikuwa yeye.

Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu, kwenye omo, akakamua mtandio wake. Kisha akasema, "Mie kwetu Kilwa."

Nikaitikia kwamba najua.

"Barabara inapita mlangoni," akasema. "Hiyo hiyo ndiyo iendayo kwetu. Wote wale nimewazaa Mtoni. Mama aliletewa habari tu. Ule ufa wa dirisha unaoukalia, mie niliukalia kabla hujazaliwa. Nikikwambia toka, sikukwambia kwa ubaya. Mtu akiuzoea ule ufa anaharibika."

Nilimshika mkono uliolowa, akaniachia, halafu akautoa kwa sababu tulikuwa tunasikia sauti za watu wa Kunduchi wakitushangilia. Tukajikokota haraka kurudi tezi, tukakaa katikati ya nafasi tupu, na msahafu ukarudi mahali pake.

Turubai lilipofunuliwa niliona uso wa mama yangu kabla ya kuona bahari. Bavyaa alikuwa na furaha. Aliwaambia wenyeji jinsi chombo kilivyoleta ukaidi Mlalakuwa, na jinsi alivyosoma uradi Mbezi nzima kikatulia. Mume wangu alisikiliza akitazama vidole vyake vya miguu. Kisha bavyaa akaliona pipa limelala, na magunia yamejaa omo.

Akamuuliza mkewe, "Magunia yamefikaje huku? Na maji yako wapi?"

"Iulize barabara yako," akasema mavyaa. "Na sie tungemwagika."

Pilau lilipikwa kwa maji ya Kunduchi na hakuna aliyelalamikia chumvi. Mashua ilisukumwa mpaka majini kwa mikono ya wanaume na vigelegele vyetu, na wimbi la kwanza lilipoilamba, bavyaa alilia waziwazi, akisema baba yake ameipata. Nilimtazama mavyaa. Alikuwa anapiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote.

Alasiri ilifika upesi. Nilikuwa chumbani kwa mama, nimemshika kanga kama mtoto mdogo. Nilimweleza kwamba sitaki kurudi, akalia, lakini hakuwa na uwezo wa kuniambia nibaki. Wanaume wa kwetu walikula pilau la bavyaa na hakuna ambaye angesimama mbele yake. Nilikuwa nimefika Kunduchi na Kunduchi yenyewe haikuweza kunishika. Mavyaa akaingia. Akaniambia, "Vaa buibui." Nilivaa. Mama yangu aligeukia ukutani.

Pikapu ilikuwa imerudishwa kinyumenyume hadi kwenye ua wa makuti, trela tupu limefungwa pembeni litafuatwa kesho yake, na turubai la wanawake limeshawekwa juu ya fito kama kila tulipokuwa tukipanda nyuma. Bavyaa alikuwa ameshakaa mbele. Mume wangu alisimama kwenye mlango wake, ametupa mgongo kwa adabu. Mavyaa alipanda kwanza kwa shida, akiguna. Nilinyanyua mguu nimfuate.

Akanizuia kwa kiganja kifuani, vile vile kama asubuhi. Akachukua furushi langu ambalo lilikuwa limetangulia ndani, akanikabidhi. Alishusha turubai kati yetu, na nikaona vidole vyake vikifunga kamba kutokea ndani, fundo juu ya fundo. Kisha nikaisikia sauti yake, ileile kavu ya amri, ikipaa juu ya mngurumo wa gari ili imfikie mumewe.

"Wawili tumeshakaa. Endesha."

Nilibaki nyuma ya makuti na buibui langu. Gari liliondoka. Mume wangu alitazama kioo cha pembeni, na naapa aliniona, maana alipiga ile honi yake mara moja.

Yaliyotokea Mtoni alinisimulia yeye. Bavyaa alifungua turubai mwenyewe, akamkuta mkewe peke yake amekaa kwenye kona ya nyuma. Akamuuliza mke wa mtoto yuko wapi. Mavyaa akamjibu kwamba yuko kwa mamake, na yeye amerudi, kwa hiyo asiseme amepoteza wote. Akaingia ndani. Bavyaa hakusema na mtu mpaka habari ilipomfikia kwamba amepata mjukuu wa kike, mzima. Alikuja Kunduchi kwa mashua yake kumwona, na alipompakata alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akaniambia mwenyewe, bila mtu wa katikati, kwamba mtoto amefanana na mama yake yeye bavyaa.

Mavyaa alikuja kwenye arobaini. Mume wangu alitaka kumfurahisha, akamwambia kwamba barabara ya kusini imekauka, pikapu iko nzima, na baba amekubali: akitaka, wiki ile ile atampeleka Kilwa. Mavyaa alikuwa anamfunga mtoto winda. Alimaliza, akamlaza kwenye mapaja, akamfuta mate.

"Ungeniambia zamani," akasema. "Mama kashakufa. Naenda kwa nani?"